Ndege Kumi na Mmoja wa Baba

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba hema limeacha kuvuja. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Kiroboto amepanda darasa na amenipita urefu, jambo analonikumbusha kila tukipishana mlangoni. Magoti yangu yanalalamika, lakini yamelalamika tangu nikiwa na miaka thelathini, nimeshayazoea. Baba hajambo isipokuwa macho. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kwamba watampasua la kulia mwezi wa sita. Baba amemjibu daktari kwamba yeye amechuna ndege elfu nne maishani na hakumharibu hata mmoja, kwa hiyo na daktari naye atulize mkono. Anakusalimu sana. Anasema ujitunze kifua na baridi ya huko mlimani.

Sasa nije kwenye ulichoniomba. Nilipata barua yako pamoja na nakala ya ile ya kamati ya misitu. Niliisoma mara mbili nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma ya tatu. Kama nimeelewa, wanasema hivi: msitu wako wa mlima wa kusini unaweza kukatwa ipandwe miti ya mbao, kwa sababu ndege unayemlilia anaishi pia mlima wa kaskazini, kwa hiyo hatapotea. Na ushahidi wao uko hapa kwetu makumbusho: wale ndege kumi na mmoja ambao Baba aliwaleta miaka arobaini iliyopita. Kikao cha mwisho ni tarehe 20 Agosti.

Jana nilifungua droo yao. Unakijua chumba chetu: madirisha hayafunguliwi, na harufu ya naftalini inakaa kwenye nywele hadi Jumapili. Wamelala chali, miguu imefungwa pamoja, kila mmoja na lebo yake kwa mwandiko wa Baba, ule uliolala upande kama nyasi zilizopigwa na mvua. Wewe unaniambia mmoja ana kifua cha kijivu na mwingine cha kahawia. Mdogo wangu, miaka arobaini imewafanya wote rangi ya chai iliyopoa. Kwa rangi siwezi kukusaidia. Niambie nipime nini.

Dada yako


21 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la maziwa, ambaye siku hizi ndiye posta yangu, redio yangu na gazeti langu. Mimi mzima. Hema limeacha kuvuja upande wa kichwa na kuanza upande wa miguu, kwa hiyo nageuka. Ndevu zimefika kifuani. Usimwambie Kiroboto, atataka picha. Mwambie Baba salamu zake zimefika.

Pima miguu, Dada. Rangi hupauka, mguu haupungui. Huyu wangu wa huku kusini, tumwite Kijivu, anaishi chini. Anatembea, anageuza majani makavu moja moja kama karani anayetafuta faili lililopotea, ndiyo maana ana miguu mirefu. Yule wa kaskazini, Kahawia, anaruka ruka vichakani na chini hashuki ila kwa dharura. Miguu yake ni mifupi kwa milimita nne. Ukiwaona wamekufa utasema ni ndugu wa tumbo moja. Ukiwasikia wakiwa hai hutasema hivyo. Kahawia ni domo kaya, hanyamazi tangu jua litoke. Kijivu anapiga miluzi mitatu inayoshuka, halafu ananyamaza kimya kirefu, utadhani amekuuliza kitu na anasubiri umjibu.

Nilipokuwa kaskazini ile miaka miwili nilirekodi sauti ya Kahawia. Hapa nikampigia Kijivu. Aliinua kichwa kidogo, akaendelea na majani yake, kama mtu aliyesikia redio ya jirani. Nilipompigia sauti ya Kijivu mwenzake alinijia mbio, manyoya yamesimama, anataka tupigane. Ndege hasumbuki kugombana na asiye wa aina yake.

Hebu uone hatari ilipo. Kaskazini Kahawia wamebaki kama sitini, na kule nako misumeno haijalala. Huku nina madume tisa ya Kijivu. Tisa, nawajua mmoja mmoja kwa pete nilizowavisha miguuni. Majike ni wagumu kupata kwa sababu hawaimbi; tangu nifike nimemnasa mmoja tu, nikamvisha pete ya njano. Kamati ikisema hawa ni ndege mmoja, basi ana nyumba mbili, na moja ikibomolewa si neno. Ikisema ni wawili, kila mmoja ana nyumba moja tu. Msitu wangu unaning'inia hapo.

Vipimo vyangu vya ndege hai wamevikataa. Wanasema niliwapima, nikawaachia, nani atahakikisha? Wanataka walioko kwenye droo. Fanya haraka, Dada.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua inanyesha na bomba la jikoni halitoi maji, sijui huu ni utani wa namna gani. Kiroboto amenyang'anywa simu wiki mbili kwa kosa analosema si kosa. Baba anakusalimu na kukuombea heri katika kazi yako.

Nimepima. Nilisubiri chumba kiwe hakina mtu, ingawa sikuwa nafanya lolote baya, nikampima kila mmoja mara tatu kwa rula ya chuma. Ulichosema ni kweli tupu: wako wenye miguu mirefu na wenye miguu mifupi, na katikati hakuna. Warefu watano, wafupi sita. Halafu nikasoma lebo.

Kati ya wale watano warefu, wawili lebo zao zinasema kusini. Watatu zinasema kaskazini. Wafupi nao wamegawanyika, watatu huku na watatu kule. Maana yake ndiyo ileile aliyoisema mtaalamu wa kamati: kila mlima una warefu na wafupi, kama nyumba yoyote yenye watoto. Ndege mmoja. Ndicho alichokisema Baba siku zote.

Nilikaa nao mpaka mlinzi akaja kugonga mlango. Kuna kijambo nilikiona kwenye macho yao, lakini si kitu. Sijui nikuambie nini zaidi. Kula vizuri, na usikate tamaa upesi.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Nimesoma barua yako. Mimi sijambo. Nyavu ziko wazi tangu asubuhi, upepo umetulia, kwa hiyo nakuandikia hapa kambini huku nikisubiri.

Nimekaa kaskazini miaka miwili. Nimewapima Kahawia hamsini na wanne kwa mikono yangu hii na hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyekuwa na mguu mrefu. Basi ama mimi ni mwongo, ama lebo zile si sahihi. Na wewe unajua mimi si mwongo. Sema basi. Mbona kalamu yako inazunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?

Au kwa sababu ni lebo za Baba? Najua mnavyosema hapo makumbusho, kwamba lebo za mzee hazina kosa. Miaka sita Baba hajaniandikia neno, tangu ile sherehe ya kumuaga kazini, niliposimama mbele ya wakubwa zake nikasema ndege wake hawa ni wawili na si mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na niliona kwamba ukweli unasemwa saa yoyote. Labda nilikosea saa. Ukweli sikuukosea.

Na hizo salamu zake, Dada, acha. Baba hajamwambia mtu "ujitunze kifua" tangu azaliwe. Baba akikujali anakuuliza kama viatu vyako vinapitisha maji. Unazitunga mwenyewe, na hujui kutunga.

Halafu unaniambia umeona kijambo kwenye macho yao na si kitu. Wewe hujawahi kuandika "si kitu" pasipo kuwa na kitu. Uliandika "si kitu" Mama alipoanza kukohoa. Nataka kujua ni nini, na nataka kujua sasa, maana siku zinakwisha na mimi peke yangu ndiye

Ngoja nikaangalie nyavu. Nimekaa sana.

Nimerudi. Sikumbuki nilikuwa naelekea wapi. Nisamehe kwa hayo niliyoandika hapo juu. Mvua inakuja. Msalimie Kiroboto.

Mdogo wako


18 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo hukunipa. Baba amepasuliwa jicho tarehe kumi na moja na limefanikiwa. Bandeji imetoka. Jambo la kwanza aliloliona vizuri ni mimi, akasema, "Kumbe umezeeka." Kiroboto alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje.

Nimechelewa wiki sita. Usimlaumu dereva wa maziwa, mchelewaji ni mimi. Niliandika barua nne nikazichana. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena, kwa hiyo vumilia makosa.

Unaikumbuka hadithi ya mto? Mama alikuwa akiisimulia kila wageni wakija: mumewe alikwenda msituni na mto mnene wa kulalia, akarudi na foronya. Ile ndiyo safari ya ndege hawa. Kambi ya kwanza kaskazini, kambi ya pili kusini, na huko kusini pamba ya kujazia ndege ilimwishia. Akachana mto wake, akatumia sufi ya manjano iliyokuwamo.

Ndege wa droo hana macho. Hutolewa, na tundu hujazwa kilekile kilichojazwa tumboni. Siku ile nilipokuwa napima niliwaleta karibu na taa. Sita wana macho ya pamba, meupe, yamekufa kabisa. Watano wana macho ya manjano yanayong'aa kidogo. Sufi. Na hao watano ndio wenye miguu mirefu. Wote watano, hakuna aliyezidi wala aliyepungua. Wametoka mlima wako, mdogo wangu. Hakuna Kijivu hata mmoja aliyetoka kaskazini. Lebo sita kati ya kumi na moja zimekosewa, na aliyeziandika ni Baba.

Nililijua hilo tarehe kumi Aprili, kabla sijaanza kukuandikia. Nilinyamaza kwa makusudi. Baba hana cha kujivunia hapa duniani isipokuwa kazi ile. Wanafunzi wakija tunawafungulia droo zake na kuwaambia, angalieni, hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Nilijiambia nisubiri apone jicho kwanza. Kisha nikajiambia apate nguvu. Nimegundua kwamba visababu haviniishi. Nimeona aibu, ndiyo maana nakuandikia.

Na salamu ni kweli zilikuwa zangu. Nilidhani kama nitazipeleka muda wa kutosha, siku moja mmojawenu atazijibu.

Sasa nawe sema lako. Barua yako ya mwezi wa tano imeandikwa na watu wawili, mmoja ana hasira na mwingine sijui ana nini. Na tangu hapo hujaniletea kipimo hata kimoja.

Dada yako


1 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine ya ile niliyokunyima. Nimefurahi sana kusikia jicho limepona. Kwa kweli nimelia kidogo, halafu nikajisingizia moshi, ingawa nilikuwa peke yangu.

Kanuni yetu ni kwamba nyavu zinakaguliwa kila nusu saa. Ndege mdogo akinaswa hawezi kuvumilia zaidi ya hapo. Anachoka, anapoteza joto, anakufa. Kanuni hiyo nimewafundisha wengine. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye mti wa kambi. Siku ile nilikuwa nakuandikia barua ya hasira. Nilijiona nina haki na maneno yalikuwa yanatiririka, nikaacha saa nzima na robo ipite.

Alikuwa kwenye wavu wa tatu. Ni yule jike wa pete ya njano. Nilimkuta bado ana joto. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa wazi, manyoya yametoka, maana yake alikuwa anaatamia mayai. Nilimtafutia kiota siku tatu sikukiona. Halafu nikarudi nikamalizia barua yako kama unavyoijua.

Sijafungua wavu tangu siku hiyo. Sijaandika taarifa kwa ofisi ya vibali pia. Nimemhifadhi kwenye spiriti, kwenye chupa ya kahawa, na kila nikifungua sanduku la chakula nakutana naye. Mimi niliyekuwa nahesabu makosa ya Baba ya miaka arobaini nimeshindwa kuandika langu la wiki nane.

Kwa hiyo sikiliza. Usimwambie Baba. Najua msitu unategemea lebo zile, nami ndiye niliyekuwa napiga kelele. Lakini sasa najua inavyokuwa. Mtu amefanya kazi moja maisha yake yote, kisha anaonyeshwa kwamba mkono wake ndio uliovuruga. Mzee wa miaka sabini na minane simtakii hilo. Tutafute njia nyingine.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Kiroboto anakusalimu na anataka picha ya ndevu; usiniulize nani alimwambia. Mimi ni mzima. Kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma nikakubaliana nawe. Nikaifunga kabatini, nikajisikia nafuu kama mtu aliyepewa ruhusa asiyoistahili. Siku ya pili Baba akavaa koti lake la kazi, lile lenye madoa, akasema, "Nataka kujaribu jicho. Nipeleke nikasome lebo zangu."

Nilimpeleka. Nikamfungulia droo ya bundi, akasoma lebo zote kwa sauti bila kukosea, amefurahi kama amepewa gari. Nikamfungulia ya chiriku. Nikasema, "Baba, umechoka, twende." Akasema, "Nifungulie wale wa milima miwili." Nikasema ufunguo sijui uko wapi. Akanitazama kwa hilo jicho jipya. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasogeza kichwa karibu. Akamchukua yule ndege, akampeleka kwenye taa, akamrudisha. Akamchukua wa jirani yake. Alipowapitia wote kumi na mmoja akavuta kiti akakaa.

"Nani ameona?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilidhani utaumia, Baba."

"Nimeumia," akasema. "Sasa lete uzi."

Wakati anakata uzi ndipo akanieleza. Wakirudi safari ile mvua iliingia kwenye sanduku, lebo zote zikalowa zikaoza. Nyumbani akaandika mpya. Daftari lake lilisema sita kaskazini na watano kusini, lakini halikusema yupi ni yupi. Vifua vyao bado vilikuwa na rangi, mdogo wangu. Angeweza kuwatenga kwa kufumba na kufumbua. "Niliona tofauti," akaniambia. "Lakini nilishajua ni ndege mmoja. Nikasema haidhuru, nikazifunga zilivyokuja mkononi." Akapima uzi mwingine. "Halafu miaka yote hii mtu akiniuliza kwa nini ni mmoja, namfungulia droo hii. Namwambia, tazama, wamechanganyika."

Hapo alicheka, na kicheko chenyewe sikukipenda, nikamshika bega.

Unaijua kanuni: lebo ya zamani haitolewi. Mpya inafungwa kando yake, na aliyeifunga anatia sahihi. Ameandika sita. Nilijitolea kumwandikia, akanikata kauli. "Nilizikosea kwa mkono wangu." Kila moja ameandika mlima wa kweli, na chini yake: kosa la awali ni langu.

Amesema atakwenda kwenye kikao mwenyewe. Mkurugenzi ametoa barua ya kuazima ndege, na mimi lazima nibaki kwa sababu yeye anasafiri na mtu wa kutia sahihi hayupo. Nimemtafutia Baba tiketi ya basi, kiti cha mbele. Atashika sanduku mapajani safari nzima. Nimemsihi aliweke chini, amekataa katakata. Mpokee stendi.

Hilo lako la chupa sikumwambia. Ni lako kulisema.

Dada yako


27 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai mkurugenzi amerudi na umepata kupumzika. Mwambie Kiroboto ndevu nimezinyoa kwa ajili ya kikao, picha amechelewa.

Baba alifika salama. Alishuka kwenye basi na sanduku lake, akanitazama kuanzia juu hadi chini. Miaka sita, Dada. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, hakunipa nafasi. Yeye akasema, "Viatu vyako vinapitisha maji?" Nikasema, "Cha kushoto." Akaitikia kwa kichwa, akanipa sanduku nilibebe.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule, tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Baba aliwapanga ndege mezani kwa safu mbili, macho meupe huku, macho ya manjano kule. Akaeleza habari ya mto. Watu walicheka, naye akawaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha akasema, "Kosa ni langu, sikulifanya kwa bahati mbaya. Nilikuwa nina uhakika sana." Mwenyekiti akamwuliza, "Mzee, miaka arobaini umesema ni mmoja. Leo unasema wawili. Kesho je?" Baba akamjibu, "Kesho msitu ukiwa umekatwa, hutakuwa na haja ya kuniuliza."

Mtaalamu wao akasema bado haitoshi, ni ndege wa zamani mno, angependa kumwona Kijivu mpya. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wangu. Sikuwa nimeamua lolote, nakuapia. Nilisimama nikaiweka mezani. Nikasema alivyokufa, dakika sabini na tano, na kwamba alikuwa anaatamia, na kwamba nilikuwa naandika barua. Wakampima hapohapo. Mguu mrefu. Baba hakugeuka kunitazama muda wote huo, ila mkono wake aliuweka nyuma ya kiti changu.

Wameamua ni ndege wawili. Msitu haukatwi, isipokuwa kipande cha chini karibu na barabara ambacho kilishakwenda. Na mlima wa kaskazini wamesema utaangaliwa upya, kwa sababu sasa na Kahawia naye ana nyumba moja tu. Kibali changu cha nyavu kimesimamishwa mwaka mzima. Ni haki yao. Ningekuwa mimi ningesimamisha miwili.

Sasa ngoja nikuambie la jana. Baba alitaka kupanda msituni. Tulikwenda polepole, nikimshika kwenye matope. Nikamwonyesha kila dume anapoimbia, nikimhesabia, mmoja, wawili, mpaka tisa. Nikamwambia ukweli wote: tisa si kitu. Tisa bila jike ni wazee tisa wanaosubiri kufa, na jike niliyekuwa namjua nimemuua mimi. Nilimwambia nafikiri tumeuokoa msitu wa ndege ambaye ameshakwisha. Hilo sikulisema kwenye kikao wala kwako, nilikuwa nalimeza peke yangu tangu mwezi wa tano.

Baba hakunifariji. Alisema, "Nyamaza."

Nikanyamaza. Dume wa tisa alipiga miluzi yake mitatu, akaacha. Baba akainua kidole. "Umesikia?" Nikasema nimesikia, ndiye wa tisa. "Si huyo. Baada yake." Sikusikia kitu. Baba akasema, "Wewe unasikiliza wimbo. Mimi nilikuwa mwindaji, wimbo haukunisaidia, dume akikuona ananyamaza. Sikiliza majani."

Tulikaa, Dada, mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikasikia. Jani moja likigeuzwa. Kimya. Jani lingine. Akatoka nyuma ya gogo, hatua sita kutoka tulipokaa, jike, mdomoni ana mdudu ambaye hakummeza, ameshika tu, jinsi wanavyofanya wenye makinda. Nilimtazama miguu. Mirefu, mitupu, haina pete. Sijawahi kumwona maishani mwangu. Alitupita akaingia kwenye majani, na kutoka humo zikasikika sauti ndogo za kudai chakula, zaidi ya moja.

Nilimgeukia Baba. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye lile jicho jipya, akasema ni dawa ya daktari.

Anasema harudi huko wiki hii, wala ijayo. Anasema nimepitwa na wengi na atanifundisha kuwahesabu. Tafadhali mtumie dawa yake ya macho kwa dereva wa maziwa, ametumia iliyobaki asubuhi hii.

Mdogo wako